Taa Mbili za Limi

Nyahanga, Kahama
3 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na nyumba yako yote. Mimi ni mzima, nakula vizuri, kazi inaendelea. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inashinda na Masalu huko mwaloni, kwenye mitumbwi, na mwanao huyo ana tabia ya kuweka sauti kubwa ili wavuvi wenzake nao wasikie shida za ndugu zake. Edward wa lori la dagaa amekubali kubeba barua yangu na kuniletea jibu.

Nina swali kuhusu taa za baiskeli. Usicheke.

Unajua mimi ni karani wa mizani pale kiwandani, barabara ya Bulyanhulu, tunapochenjua marudio. Malori yanaleta mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, mimi napima na kuandika. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi huu wa Juni ninapotoka nyumbani bado ni giza, na ninaporudi jioni giza linanikuta njiani. Siku zote nimekuwa nikiendesha hivyohivyo kwa kusikiliza: nikisikia lori, nashuka, nasimama kwenye nyasi hadi lipite.

Sasa meneja wetu, Bwana Herman, amebandika tangazo getini. Mfanyakazi anayekuja kwa baiskeli awe na taa mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote ziwe zinawaka anapofika. Asiyekuwa nazo mlinzi asimfungulie. Ni jambo la usalama, sipingi. Ila pale kiwandani mwenye baiskeli ni mimi peke yangu. Wengine wanakaa jirani wanatembea kwa miguu, au wana pikipiki. Bodaboda kila siku, kwenda na kurudi, siwezi.

Nimezunguka sokoni mpaka nimechanganyikiwa. Kila muuzaji anasema yake ndiyo inayomulika mbali. Kwenye maboksi wameandika namba kubwakubwa ambazo siziamini. Naogopa kununua kitu kitakachozimika njiani. Nimefikiri kwamba watu wa Nkome mnavua usiku, mnaishi kwa taa. Tafadhali waulize wavuvi ni taa ipi imara na isiyo ghali, inayoonekana kwa mbali.

Bwana Herman amesema kama taa ni shida, anaweza kuwa ananipitia na gari lake asubuhi. Nimemshukuru, nimekataa.

Samahani kwa maswali mengi.

Mwanao,
Limi

*

Nkome
7 Juni 2024

Limi,

Mwangaluka. Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Masalu nimemsomea ile sehemu yake, amenuna siku nzima, nimefurahi.

Barua yako nimeisoma mara mbili na bado kuna mahali sijakuelewa. Mtu mzima, meneja, ana gari, gari lina taa mbele na nyuma tayari, linakuja mpaka mlangoni kwako, na wewe unasema hapana, mimi nataka kuendesha baiskeli kwenye baridi nikijificha kwenye nyasi kama sungura. Ndiyo elimu hiyo? Baba yako angekuwa hai ningemwambia nirudishie karo niliyochangia.

Haya. Umeomba taa, taa nimekutumia. Edward atakupa boksi. Ndani mna taa mbili za sola za wavuvi, zile tunazofunga kwenye boya kuita dagaa. Zamani tulikuwa na karabai, ukiipiga pampu asubuhi bega linauma. Hizi ukizianika juani mchana zinakesha. Masalu alikuwa amezibadilisha kwa mpya, hizi bado nzima kabisa. Moja funga mbele, moja funga nyuma, tumia mpira wa tairi bovu, ndio unaoshika. Mtu akiwa na hizo hata akiwa ng'ambo ya maji utamwona. Umesema unataka kuonekana kwa mbali. Utaonekana mpaka Biharamulo.

Hazikugharimu kitu. Usinitumie shukrani, nitumie sababu ya kukataa gari.

Shangazi yako,
Mageni

*

Nyahanga
13 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Boksi nimelipokea. Nakushukuru sana na wala sikulaumu kwa hayo nitakayoeleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilipaswa kufikiri.

Nilizifunga taa zote mbili kama ulivyosema. Ya mbele ilimulika barabara nzima hadi kwenye miti. Kwa mara ya kwanza niliyaona mashimo kabla ya kuyaingia. Nilijisikia mtu. Nikapita karibu nusu ya njia bila kushuka hata mara moja.

Kisha lori likaja nyuma yangu. Dereva akaona taa nyeupe, kali, mbele yake, upande wake wa barabara. Wewe ungedhani nini? Akadhani ni pikipiki inamjia uso kwa uso. Akakata kwenda kushoto ili anikwepe, na kushoto ndiko nilikokuwa nakimbilia mimi. Nilijirusha mtaroni, baiskeli ikabaki juu. Lori lilisimama mbali. Dereva akarudi kwa miguu, akapaza sauti:

"Dada, wewe unakwenda au unakuja?"

Nikamwambia nakwenda.

"Sasa mbona nyuma yako ni mbele?"

Alinisaidia kuinua baiskeli, akaenda zake akitikisa kichwa. Kabla ya kuondoka aliniambia jambo ambalo kila dereva analijua na mimi na elimu yangu sikuwa nimelifikiria: nyeupe ni ya mbele, nyuma iwe nyekundu, ndipo dereva anajua anakufuata wewe, hakutani na wewe. Dagaa hawajali rangi, nadhani. Madereva wanajali.

Sikuumia, ni kiwiko tu kimechubuka. Gurudumu la nyuma ndilo limepinda, liko kwa fundi Makoye hapa mtaani, naye anasubiri vipuri. Kwa hiyo siku hizi chache, mpaka litengenezwe, nitapanda gari la Bwana Herman. Amesema atanipitia kesho. Najua utafurahi.

Mwanao,
Limi

*

Nkome
17 Juni 2024

Limi,

Marahaba. Nimecheka mpaka nimekaa chini, halafu nikaacha kucheka nikashika kifua. Nisamehe, ng'wana wane, mwanangu. Huku taa zote ni nyeupe, dagaa hawana nyekundu wala kijani, na boya halina mbele wala nyuma. Sikuwaza. Sasa taa ya nyuma nunua nyekundu, hata ndogo.

Lakini kila baya na faida yake, maana hatimaye umepanda gari la watu. Sasa moyo wangu umetulia. Huyo Bwana Herman ana roho nzuri, anamchukua mtoto wa mwenzake bila kudai kitu. Mimi sijalelewa kupokea wema nikanyamaza. Nimefunga dagaa safi, wa kuanikwa juu ya chanja, si wa mchangani, na Edward atawapeleka moja kwa moja kiwandani kwa kuwa anapita hapohapo. Nimemwandikia na kikaratasi, na nimekunakilia hapa chini ili usiseme nimekuaibisha:

"Kwa Bwana Herman. Salamu nyingi kutoka Nkome. Mimi ni shangazi yake Limi, ndiye niliyebaki mahali pa baba yake. Nimesikia unambeba kila asubuhi. Tumefurahi sana sisi wa nyumbani. Pokea hii zawadi ndogo, na siku ukifika huku karibu nyumbani tukuone. Wako, Mageni, Mama Masalu."

Umeona? Hakuna baya. Kula vizuri, acha kuogopaogopa kila kitu.

Shangazi yako,
Mageni

*

Nyahanga
20 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naandika barua hii kwa mara ya nne. Tatu za kwanza nimezichana.

Uliniomba sababu ya kukataa gari. Sikukutumia kwa sababu sikuwa na kitu cha kushika mkononi. Alikuwa anasema tu maneno. Kwamba mikono yangu si ya kushika usukani wa baiskeli. Kwamba Nyahanga ni mbali kwa msichana anayekaa peke yake. Nikisema hapana, anacheka, anasema "karani wangu mkali". Kisha likaja lile tangazo la taa. Ningekwambia nini? Kwamba meneja anajali usalama barabarani? Ungesema ni mtu mzuri. Kila mtu pale alisema ni mtu mzuri.

Asubuhi ya kwanza alinifikisha vizuri. Alizungumzia mkewe aliyeko Mwanza na bei ya mafuta. Nikaona labda nimemkosea kwa mawazo yangu. Asubuhi ya pili alipita kona ya kiwandani bila kukata. Nikamwambia, "Bosi, tumepita." Akasema, "Najua." Akaweka mkono kwenye paja langu, akauacha hapo kama mtu aliyeweka mkono juu ya meza yake mwenyewe.

Unajua mimi ni mwoga. Sikupiga kelele. Nilimwambia nataka kutapika. Ana viti vipya, vya ngozi, bado vina nailoni. Alisimamisha gari haraka kuliko yule dereva wa lori. Nikashuka, sikutapika, nikaanza kutembea kurudi. Alinifuata kwa gari polepole, kioo kimeshushwa, akisema nipande niache utoto. Nilitembea mpaka getini. Nikaandikwa nimechelewa. Aliyeniandika ni yeye.

Siku iliyofuata nilienda kwa bodaboda. Na siku hiyohiyo Edward akafika na mfuko wako.

Alimkabidhi palepale kwenye mizani, wapakuaji wote wamesimama. Alisema kwa sauti yake ile, "Hii ni ya Bwana Herman, kutoka kwa shangazi yake Limi, wa nyumbani wamefurahi." Shangazi, wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu shangazi ndiye anayepokea watu wa posa. Na wao wanajua. Wale vijana walipiga vigelegele. Mmoja akaniita Mama Meneja. Bwana Herman alisoma kikaratasi chako kimoyomoyo, kisha akakisoma kwa sauti, akafika kwenye "karibu nyumbani tukuone" akarudia mara ya pili. Akaniangalia, akasema, "Sasa unaona. Wakubwa wameshaamua."

Najua hukukusudia. Sikulaumu. Ila tangu siku hiyo nikikataa hata chai anayoninunulia, watu wananiangalia mimi kama mkosaji.

Makoye amemaliza gurudumu. Kuanzia Jumatatu nataka kurudi kwenye baiskeli, lakini nyuma sina taa nyekundu, na tangazo bado liko getini. Nimalizie hapa.

Limi

*

Nkome
22 Juni 2024

Limi, mwanangu,

Sina salamu.

Edward amenikuta naanua dagaa. Nilisoma nimesimama. Nimemrudisha Masalu ndani, nimewarudisha wanunuzi, nimewaambia leo siuzi.

Nimekuwa kipofu. Wewe ulikuwa unanionyesha na mimi nakusomea habari za karo. Sitasema mengi kuhusu hilo, maana nikianza nitalia, na kulia kwangu hakutakusaidia wewe.

Nisikilize. Zawadi yangu niliitoa kwa dereva aliyembeba mtoto salama. Kwa mwanaume aliyepita kona sikutoa kitu. Kwa hiyo dagaa wale amewachukua bila haki, na mimi ninawataka. Nakuja na lori la Edward. Nitasimama pale kwenye mizani yenu, mbele ya wale wapiga vigelegele, nitasema: Herman, leta dagaa wangu. Kama amewala, awatapike, si anaogopa matapishi? Kwetu zawadi ikirudishwa mchana kweupe, mlango umefungwa, na hakuna mtu wa Shinyanga wala wa Geita asiyejua hivyo. Hata hao vijana watajua.

Ukiona siku hizi mbili hupati usingizi, nenda kalale kwa mwenye nyumba wako. Na ukitaka kuacha kazi, acha. Huku kuna kazi ya kuanika, haina heshima ya kalamu lakini haina Herman.

Kwa nini hukupiga kelele si swali langu. Umeshuka. Imetosha.

Mageni

*

Nyahanga
25 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo, na asante. Barua yako naiweka chini ya mto.

Tafadhali usije. Nimekaa nimefikiri, unajua mimi nafikiri mpaka kichwa kinauma. Ukija wewe, watasema ni ugomvi wa wanawake wa mwaloni, watacheka, utaondoka na lori, mimi nitabaki na kicheko chao. Na nikija Nkome kuanika dagaa, atasema niliondoka kwa sababu nilishindwa kupata taa. Ndivyo atakavyosema, Shangazi. Nimemsikia akimwambia mlinzi: "Yule hamalizi mwezi na baiskeli yake." Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Usiku wa siku niliyoyasikia hayo niliogopa, lakini asubuhi nilipoamka nilikuwa na hasira, na hasira inanifaa zaidi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda sokoni tena, safari hii bila kumsikiliza mtu. Nilikwenda na jirani yangu Juliana. Kila taa niliyoipenda nilimwambia muuzaji aniruhusu niiwashe ndani ya stoo yake yenye giza, na Juliana akasimama upande wa pili aniambie anaona nini. Muuzaji alisema, "Dada, unanunua taa au unachumbia?" Nikamwambia nataka kuijua kabla haijanijua.

Taa ya dainamo niliiacha. Haihitaji betri, kweli, na ndiyo rahisi kwa muda mrefu, lakini inafanya pedali kuwa nzito, na ukisimama inazimika. Mimi ninaposimama ndipo ninapohitaji kuonekana. Zile ndogo sana za betri za duara kama kidonge, bei yake ni ya kuchekesha, ila betri zake hazipatikani ovyo na zikiisha unanunua kwa bei inayokaribia taa nyingine. Tochi za kichwani za wachimbaji ziko kila meza, ni imara, lakini mwanga wake ukifungwa kwenye usukani unaingia machoni mwa anayekuja, na sasa najua dereva asiyeona vizuri anakata wapi.

Nimenunua ya mbele ya kuchaji, nyeupe, ina kibano chake cha kubana kwenye usukani, nimeiinamisha imulike lami na si nyuso za watu. Umeme ukikatika, naichaji kazini. Ya nyuma nimenunua nyekundu ya betri mbili ndogo kama za rimoti, zile zinazouzwa hata kwenye kioski cha sigara, ili isinikwamishe popote. Inaweza kumeta au kuwaka moja kwa moja. Nimeiacha iwake moja kwa moja, Juliana anasema inayometameta inamfanya ashindwe kukadiria umbali. Na kwenye madigadi ya nyuma nimebandika kibao chekundu kinachong'aa kikimulikwa, kwa siku ambayo betri zitanigeuka. Vyote pamoja havifiki nauli ya bodaboda ya juma moja.

Taa zako za wavuvi sikuzitupa. Moja iko jikoni.

Na zawadi nitairudisha mimi. Dagaa wako najua ameshawapeleka kwa mpishi wake, lakini sokoni kuna dagaa wa Nkome, nimenunua uzito uleule ulioandikwa kwenye mfuko wako. Wapakuaji wakiona nimewaweka mezani kwake, watajua maana yake, hata akijifanya hajui. Nitaandika na barua. Barua rasmi ndiyo silaha pekee niliyofundishwa kushika.

Naogopa sana, Shangazi. Nakuambia ili usidhani siogopi.

Limi

*

Limi Mahona,
Karani wa Mizani,
1 Julai 2024

Meneja,
Bwana Herman.

YAH: KURUDISHA ZAWADI, NA USAFIRI WANGU WA KUJA KAZINI

Husika na mada tajwa hapo juu.

Pamoja na barua hii nakurudishia dagaa, uzito uleule na ubora unaokaribiana na wale uliopokea kwenye mizani mbele ya wafanyakazi. Zawadi ile ilitolewa na Shangazi yangu, Bi. Mageni wa Nkome, akiamini kwamba unanifikisha kazini. Asubuhi ya pili uliyonibeba hukunifikisha kazini. Ulipita kona ya kiwanda kwa makusudi, nami nilishuka baada ya wewe kuweka mkono wako mahali ambapo hukuruhusiwa. Kwa hiyo sababu ya zawadi haipo, na familia yangu inaomba ieleweke kwa wote waliokuwepo kwamba zawadi imerudi.

Naomba pia ieleweke kwamba sitapanda gari lako tena, iwe kwa mvua, kwa ubovu wa baiskeli au kwa sababu yoyote itakayobandikwa getini. Naomba usinipitie nyumbani. Naomba usininunulie chai.

Kuhusu tangazo la usalama: baiskeli yangu sasa ina taa nyeupe mbele na taa nyekundu nyuma, zote zinawaka, na kibao cha kuakisi mwanga. Mlinzi alizikagua Ijumaa asubuhi nilipofika, nami nimemwomba aandike kwenye daftari la geti kwamba zimekubalika. Ikiwa kuna sharti jingine la baiskeli, naomba litolewe kwa maandishi, lisainiwe na wewe, na liwahusu wote.

Kuchelewa kwangu kwa siku ile uliyoniandika kumetokana na maelezo ya aya ya kwanza. Naomba kumbukumbu hiyo ifutwe.

Natanguliza shukrani.

Limi Mahona

Nakala: Mzee Ndaki, mwenye kampuni, Shinyanga (imetumwa jana kwa basi).
Nakala: Bi. Mageni, Nkome.

*

Nyahanga
4 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeshaiona nakala yako, kwa hiyo sitarudia maneno. Nakueleza yaliyofuata.

Sikumpelekea ofisini. Niliogopa kubaki naye mlango umefungwa. Nilisubiri saa ya chai, wapakuaji wote wakiwa kwenye kivuli cha mizani, naye akaja kama kawaida yake na vikombe viwili. Nikaweka mfuko wa dagaa juu ya meza ya mizani, nikaweka barua juu ya mfuko. Nilikuwa nimejizoesha sentensi kadhaa nyumbani. Zote ziliniponyoka. Nikasema tu, "Zawadi ya nyumbani imerudi."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule kijana aliyeniita Mama Meneja aliangalia mfuko, akaniangalia mimi, akavua kofia. Mwingine, Abel, mtu mzima anayetoka Nyang'hwale, akasema taratibu kwa Kisukuma kwamba hapo pamekwisha. Bwana Herman alikuwa ameshaanza kusoma. Alisoma amesimama, vikombe viko mkononi, chai inammwagikia kiatu.

"Nani amekuandikia hii?"

"Mimi."

"Unajua naweza kukufukuza leo?"

"Najua, bosi. Ndiyo maana nakala ya Mzee Ndaki ilipanda basi jana."

Akasema mimi sina shukrani. Akasema wasichana wa siku hizi wanasomeshwa wakaharibika. Abel akamwambia, "Bosi, lori linasubiri kupimwa," na kweli lilikuwa linasubiri, nami nikalipima. Namba ya mwisho nikaiandika mara mbili.

Jana Mzee Ndaki amepiga simu ya ofisi, akaomba kuzungumza na mimi kwanza. Nilimweleza. Akasema atakuja mwenyewe wiki ijayo na kwamba mpaka hapo hakuna anayefukuzwa. Sijui atakuja na uamuzi gani. Anaweza kuja akamtetea, wanafahamiana miaka mingi. Nimejiandaa kwa hilo pia, na nimemwambia Abel, naye amesema wako watano waliokuwepo na watazungumza. Sina uhakika kama watazungumza kweli. Tutaona.

Tangazo la getini halipo. Mlinzi anasema lilibanduka lenyewe kwa upepo.

Jana jioni nilipomaliza zamu nikatoa baiskeli. Bwana Herman alikuwa dirishani. Nikasimama palepale, mbele ya dirisha lake, nikawasha ya mbele, nikazunguka nikawasha ya nyuma, nikazitazama zote mbili kama zinawaka. Jua lilikuwa bado lipo juu ya miti, unaweza kusoma gazeti. Mlinzi akafungua geti, akacheka, akasema, "Dada, mbona bado mchana, unamaliza betri bure."

Nikamwambia betri ni zangu, nikapanda, nikaondoka.

Mwanao,
Limi